Butembo: Kabla ya lami, mji ulipe uzee wa wafanyakazi wake

Kila mara meri ya Butembo inapotangaza mradi mpya, maswali ya wakaaji ni yale yale. Barabara gani? Kampuni gani imepata kazi? Itaisha lini? Ni maswali ya haki. Mji wetu wa vilima unapanuka kila siku, na kila mvua kubwa inakata njia fulani Bulengera ao Vulamba, inaziba mitaro ya Kimemi, inaacha motari wa Mususa wakisukuma pikipiki kwenye matope.

Lakini kuna swali moja ambalo sijasikia likiulizwa, wala kwenye redio za mji, wala kwenye mikutano ya shirika la raia. Yule mzee anayekaa nyuma ya meza ya komini, mwenye daftari kubwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, ataenda nyumbani lini? Na siku atakapoenda, atakula nini?

Watu watasema hayo ni mambo mawili tofauti: lami ni maendeleo, na mzee wa komini ni huruma. Mimi naona ni hesabu moja. Pesa ya barabara inapitia mikononi mwa wafanyakazi wa mji kabla ya kufika kwenye sanduku la mji. Kama mikono hiyo haina mshahara wa kweli leo wala pensheni kesho, tusishangae sanduku likifika nusu.

Tuanze na pesa yenyewe. Butembo ni tajiri kwa biashara na maskini kwa hazina, na watu wengi wanachanganya vitu hivyo viwili. Wanaona makontena yanayotoka China na Dubai, yanapita Mombasa na Kampala, yanaingia kwa Kasindi, yanapanda hadi kwenye madepo yetu. Wanaona kakao na kahawa zikitoka. Wanaona maghorofa pembeni ya Rue Président de la République. Wanasema: mji wenye pesa namna hii unakosaje barabara? Jibu ni kwamba ushuru wa mpakani unakusanywa na DGDA na kuingia hazina ya taifa. Kodi ya faida za makampuni inakwenda DGI, nayo ni ya taifa. Kodi ya nyumba na viwanja, ile ya magari na ile ya pango ni za jimbo, na mji unapewa sehemu yake tu. Kinachobaki kuwa cha mji wenyewe, kufuatana na orodha ya kodi iliyowekwa na sheria ya tarehe 13 Machi 2018, ni vitu vidogo vidogo: meza ya sokoni, parkingi, machinjio, karatasi za ndoa na za vizazi, kodi ndogo ya kila mtu. Mji wenye biashara kubwa unaishi kwa franga za mama anayeuza fungu la sombe.

Sheria haikutaka hivyo. Kifungu cha 175 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema majimbo yapate asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na pesa hiyo ikatwe palepale inapokusanywa, isiende Kinshasa kwanza. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na shefferi inaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu hilo la majimbo ni ya ngazi hizo za chini. Fanya hesabu: katika kila franga 100 za kitaifa, 40 za majimbo, na katika hizo, 16 za miji, komini na vijiji vyetu, zigawanywe kwa kuangalia uzalishaji, ukubwa wa eneo na idadi ya watu. Juu ya hayo, kifungu cha 181 kinaunda mfuko wa kusawazisha majimbo, wenye asilimia 10 ya mapato ya taifa, kwa kazi ya miradi peke yake. Sheria ya kuuendesha mfuko huo ilingoja hadi Novemba 2016, miaka 10 baada ya Katiba. Na ile asilimia 40 haijawahi kukatwa palepale. Inakwenda Kinshasa, na inarudi ikipenda, kwa kiasi inachopenda. Ndiyo tunayoita retrosesyo, na kila meya aliyepita ameilalamikia.

Tena Butembo inapigwa mara mbili nyingine. Kodeksi ya migodi, ilivyobadilishwa mwaka 2018, inawapa wenye migodi ya viwanda ndani ya ardhi yao asilimia 15 ya mrabaha. Komini za Dilala na Manika kule Kolwezi zinakula kwenye sahani hiyo. Sisi hatuna kampuni kama zile. Na ule mpango wa maendeleo wa territoire 145, uliojenga shule, vituo vya afya na maofisi, uliandikwa kwa ajili ya territoire. Lubero imo, Beni territoire imo. Mji wa Butembo si territoire.

Kwa hiyo tusijidanganye. Hadi siku Kinshasa itakapoheshimu Katiba, bajeti ya mji wetu inasimama juu ya jeto, kile kikaratasi cha siku anachopewa muuzaji. Na jeto iko mfukoni mwa mtu.

Mtu huyo ni nani? Kwenye maofisi ya mji na ya komini zake nne wapo wafanyakazi wa namna tatu, ingawa wanakaa kwenye benchi moja. Wapo wenye namba ya matrikule na mshahara wa Leta unaopita benki. Wapo wenye namba lakini mshahara haujafika, wanaishi kwa prime pale inapopatikana. Na wapo waliochukuliwa hapa hapa, wanaoitwa vitengo vipya. Upya wenyewe unachekesha: wengine walianza kazi wakiwa vijana, leo wana wajukuu, na bado ni vitengo vipya. Hao wanalipwa na kile mji unachokusanya. Mwezi mzuri wanapata kitu. Mwezi mbaya wanaambiwa wavumilie.

Sheria ya mwaka 2016 juu ya wafanyakazi wa Leta inasema mtu anakwenda retreti akifika miaka 65 ya umri ao miaka 35 ya kazi. Na tangu Desemba 2015 kuna mfuko wa pensheni wa wafanyakazi hao, CNSSAP. Ni jambo jema, na ninalisema bila kejeli, kwa sababu kabla yake pensheni ya mtumishi wa Leta ilikuwa pesa isiyotosha hata kulipa safari ya kwenda kuichukua. Lakini mlango wa CNSSAP ni wa mtu aliye kwenye orodha ya malipo ya Kinshasa. Mtu asiye kwenye orodha hakatwi kitu, na asiyekatwa hana anachodai. Akiondoka, anaondoka na mfuko wake wa plastiki na picha ya siku aliyopewa shukrani.

Ndiyo maana haondoki. Ana miaka 70, mikono inatetemeka, anaandika jina la mtoto kwenye kitabu cha vizazi kwa dakika 20, na mkubwa wake hana uso wa kumwambia: papa, pumzika. Apumzike wapi? Wote wanajua ya wale waliotangulia. Walikwenda nyumbani na barua, wakarudi kila mwezi kuuliza mafaili yao yamefika wapi, hadi siku moja wakaja watoto wao kuuliza pesa ya sanduku.

Sasa turudi sokoni. Kila mama anayeuza kwenye masoko yetu anajua sentensi hii: «Mama, leo utoe kidogo, jeto tuiache.» Tuseme, kwa mfano tu, meza inapaswa kulipa franga 500. Mkusanyaji anachukua 300 bila kutoa kikaratasi. Mama amepata nafuu ya 200. Mkusanyaji amepata chakula cha jioni. Mji umepoteza zote 500. Kwa siku 300 za soko, meza hiyo moja imekula franga 150,000 za mji. Meza 1,000 za namna hiyo ni franga milioni 150. Huo ni mfano wangu, si takwimu ya meri, lakini muulize muuzaji yeyote kama mfano wangu unamshangaza.

Tumezoea dawa moja kwa ugonjwa huu: kubadilisha mkusanyaji, ao kutuma kikosi cha kumchunga. Inasaidia wiki mbili. Kisha wachungaji nao wanaona njaa, kwa sababu nao ni vitengo vipya, na jeto iliyoachwa inagawanywa kwa watatu badala ya mmoja. Mama wa soko anaongezewa mdomo wa kulisha. Ndiyo sababu watu wetu, ambao wanatoa franga zao bila kusukumwa wakiombwa kutengeneza daraja la mtaa, wanafunga maduka mara meri inapopandisha kodi. Kodi hawaichukii. Wanajua inaishia wapi.

Wengine watanijibu kwamba wezi ni wezi tu, kwamba Kinshasa kuna wakubwa wenye mishahara minono na magari ya Leta, na bado wanaiba. Ni kweli. Mshahara haumtengenezi mtu kuwa mwaminifu. Lakini angalia tofauti. Mfanyakazi mwenye miaka 25 ya michango ya pensheni, akikamatwa na jeto za uongo, anaona kazi yake inakwenda na uzee wake unakuwa mashakani. Anapiga hesabu. Yule asiye na kitu ukimfukuza leo, kesho anauza mkopo wa simu pale pale sokoni, na pengine anapata zaidi. Huwezi kumtisha mtu kwa kumnyang'anya kitu ambacho hukuwahi kumpa.

Na kuna watoto wetu pia. Kila mwaka Chuo cha Graben na vyuo vingine vya mji vinatoa vijana waliosoma utawala, hesabu, kompyuta. Wanafanya stage kwenye komini, mwaka mmoja, miaka miwili, bila franga, wakingoja kiti. Kiti kina mzee. Mzee hawezi kuondoka, kijana hawezi kuingia, na kitabu cha kodi kinabaki cha karatasi, kwa sababu anayeweza kukiweka kwenye kompyuta yuko nje ya mlango akinywa chai na sambusa.

Itagharimu kiasi gani? Hapa ndipo watu wanadhani ninazungumza mamilioni. Kodeksi ya kazi ya mwaka 2002 haiwahusu wafanyakazi wa Leta wenye kariya, lakini yule asiye na hadhi hiyo anabaki mfanyakazi kama wa duka ao wa kampuni, na mwajiri wake anapaswa kumwandikisha CNSS. Michango ya CNSS ni asilimia 18 ya mshahara: 5 inatoka kwa mfanyakazi, 13 kwa mwajiri, na ndani yake imo pensheni, posho ya watoto na bima ya ajali za kazi. Tuseme mji una vitengo vipya 50, kila mmoja analipwa dola 100 kwa mwezi. Sehemu ya mji ni dola 13 kwa kila mtu, yaani 650 kwa mwezi, 7,800 kwa mwaka. Kilometa moja ya lami ndani ya mji inahesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Hizo 7,800 hazijengi hata mtaro unaostahili jina hilo. Ongeza idadi ya watu mara nne kama unataka, bado ni kitu ambacho mji unaweza kukibeba, na kinaweza kurudi kupitia zile jeto zisizoachwa.

Kigumu kiko kwa wazee wenyewe. Mwenye miaka 68 leo, hata ukimwandikisha CNSS kesho asubuhi, michango ya miezi michache haitamlipia uzee. Miaka yake ya nyuma haikulipwa, na deni hilo ni la mji, halina baba mwingine. Kulilipa lote kwa siku moja haiwezekani. Kulilipa kwa mafungu inawezekana: kila mwaka wazee kadhaa, wakianza na wakubwa kwa umri, wapewe pesa ya kuondokea iliyoandikwa kwenye bajeti, iliyotiwa saini, inayolipwa mbele ya mashahidi. Wanaobaki waone kwamba waliotangulia wamepata kweli. Bila hilo hakuna hata mmoja atakayeinuka kwenye kiti.

Miradi mikubwa je? Hapa Butembo ina historia ambayo miji mingine haina. Kati ya 1999 na 2003, mji ulipokuwa chini ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, wafanyabiashara wakubwa walikuwa wanalipa mbele: wanatoa pesa kwa utawala, kisha wanakatiwa kwenye ushuru wa bidhaa zao mpakani. Mambo yalikwenda, maana pesa ilipatikana haraka. Lakini aliyelipa mbele ndiye aliyepanga bei ya kodi yake, na utawala wa kesho yake ulikuta ushuru umekwisha kuliwa. Bado kuna wanaoota kurudia njia hiyo kwa barabara za mji. Mimi siikatai yote. Mfanyabiashara anaweza kukopesha mji kujenga mabanda ya soko, machinjio, parkingi ya malori, kwa mkataba unaobandikwa ukutani, kwa sababu vitu hivyo vinaingiza franga kila siku na deni linajilipa lenyewe. Lakini kukopa kwa mwenye duka ili kulipa prime za mwezi, ao ili kumwaga mchanga kwenye njia ambayo mvua ya Novemba itaibeba, ni kumwachia meya ajaye mfuko uliotoboka. Barabara kubwa zinapaswa kutoka kwenye zile 16 katika kila 100, na kwenye mfuko wa kusawazisha majimbo. Wabunge wetu wa Kinshasa wanapenda kuja kukata utepe. Wangetufaa zaidi wakidai kifungu cha 175 kila mara bajeti ya taifa inapopita mbele yao.

Najua jibu la mwisho, na ndilo zito kuliko yote: vita. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo liko chini ya hali ya kijeshi, na maofisa wa polisi wakawekwa kuongoza miji. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, utawala wa jimbo ulihamia Beni. Watu wa Lubero wamekimbilia kwetu, familia nyingi za Butembo zinalisha midomo mara mbili ya ile waliyozoea, na barabara ya Goma imefunga biashara ya wengi. Kuzungumza pensheni wakati wa risasi kunaonekana kama kuchagua pazia nyumba ikiungua.

Lakini ni wakati huu ambapo mji hauna franga ya kupoteza njiani. Jimbo limepoteza kodi za Goma, Kinshasa imeelekeza macho na pesa kwenye jeshi, wafadhili wanapunguza. Kilichobaki ni kile tunachokusanya sisi wenyewe, na kinakusanywa na watu ambao tumewaambia kwa miaka mingi, bila kufungua mdomo: jilipe mwenyewe.

Sheria ya 2008 inataka mji uwe na baraza lililochaguliwa, la kujadili bajeti ya meya. Hatuna baraza hilo. Basi swali liulizwe na walio hapa: FEC, shirika la raia, vyama vya mama wa soko, chama cha motari. Siku meri itakapoleta makadirio ya mwaka ujao, kabla ya kuuliza barabara gani, waombe orodha moja tu, ibandikwe mbele ya komini zote nne: wafanyakazi wa mji ni wangapi, wangapi wamepita miaka 65, wangapi wameandikishwa CNSS ao CNSSAP, na ni kiasi gani kimetengwa mwaka huu kwa ajili ya wale watakaokwenda nyumbani.